Kinda wa Miaka 18 au Aliyekaribia Kuiva wa 22: Umchukue Nani Siku ya Drafti?

Hapa Tanga ukisema usiku una drafti, mtu atadhani unakwenda kusukuma vizibo vya soda kwenye ubao, mbele ya wazee wanaoliona kosa lako kabla hujalifanya. Drafti ninayoizungumzia ni nyingine, ile ya gemu za umeneja, ambazo wewe ndiye unayeendesha timu. Majina ya wachezaji wapya yanawekwa mezani, timu zinapanga foleni, mara nyingi iliyoburuza mkia ndiyo inayoanza kuchagua, na jina likishaondoka limeondoka.

Ligi yetu ina watu 10, tunacheza gemu ya kikapu, na msimu mmoja unakula kama miezi miwili. Siku ya drafti tunakutana Ngamiani, Barabara ya Nane, barazani kwa fundi baiskeli ambaye naye ana timu. Pale pana soketi ya kuchajia simu na muuza kahawa hapiti mbali. Drafti moja ya mwaka juzi, zamu yangu ilipofika walikuwa wamebaki wawili niliowataka. Wa kwanza alikuwa na miaka 18, kiwango 45, kipaji 80. Wa pili alikuwa na 22, kiwango 58, kipaji 68. Saa inahesabu sekunde 60. Huku naambiwa, "Mgosi, chukua dogo, huyo ni mali!" Fundi hakunyanyua hata macho kwenye spoki alizokuwa akinyoosha. Aliniuliza tu: "Njaa yako ya leo au ya mwakani?"

Nilicheka, nikabonyeza. Nilimchukua nani na ikawaje, nitasema huko mbele. Kwanza tuweke mizani.

Unapima nini?

Wengi hulinganisha nyota kwa nyota, basi. Mimi napitisha kila jina kwenye maswali yale yale matano, na nakushauri uyaandike kwenye karatasi mapema, kwa sababu sekunde 60 hazitoshi kufikiri, zinatosha kubonyeza tu.

La kwanza ni muda: ipite misimu mingapi kabla hajakuchezea mechi ya maana? La pili ni uhakika: namba unayoiona uiamini kiasi gani? La tatu ni gharama, na hapa simaanishi mshahara peke yake. Nafasi ya mazoezi huwa ghali kuliko mshahara, maana gemu nyingi hazikuruhusu kufundisha kikosi kizima kwa nguvu moja. Ukimpa dogo nafasi, kuna mwingine umemnyima. La nne ni bei ya kumuuza siku ukimchoka. La tano linakuhusu wewe mwenyewe: utakuwepo? Bando linaisha, umeme unakatika, mitihani inakuja, mtu anaoa. Kinda anataka meneja anayefungua gemu hata siku ambayo hana hamu nayo.

Kipaji cha gemu yako ni cha aina gani?

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Neno kipaji halina maana moja kwenye gemu hizi.

Kuna gemu ambazo kipaji ni dari. BuzzerBeater, ile ya kikapu, inakuandikia kipaji cha mchezaji kwa neno, kuanzia mtangazaji wa mechi hadi nguli wa nyakati zote. Neno hilo ni dari, akilifikia mazoezi yanazaa kidogo mno, hata ufanyeje. Football Manager nayo ina dari, namba iliyofichwa inayofika hadi 200, ila wewe huioni. Unachokiona ni nyota za skauti wako. Nyota hizo ni maoni yake, tena zinapimwa kwa kulinganisha na kikosi ulichonacho. Nyota nne ukiwa na timu ya daraja la chini si nyota nne ukiwa na timu ya ubingwa. Nimeona watu wakihama timu wakashangaa kinda yule yule amebaki na nyota mbili, wakadhani gemu imeharibika.

Kuna gemu ambazo kipaji ni makadirio. Basketball GM inakupa namba ya kipaji, lakini namba hiyo ni utabiri wa anakoelekea. Anaweza kuipita, anaweza asiisogelee kabisa, na msimu ukigeuka utabiri nao unageuka.

Halafu kuna zisizo na kipaji kilichoandikwa. Hattrick, gemu ya Kiswidi iliyoanza 1997, haimwekei dari mchezaji wa timu ya wakubwa. Ukimfundisha anapanda, isipokuwa kila mwaka anaouongeza unampunguzia kasi. Huko umri ndio kipaji chenyewe, na ndiyo maana kijana wa miaka 17 aliyetoka akademi anagombewa mnadani kama tiketi ya Simba na Yanga.

Na kalenda nazo hazifanani. Top Eleven ina msimu wa siku 28, na msimu ukiisha kila mtu ameongeza mwaka. Mwaka wa Hattrick ni siku 112, yaani wiki 16. Msimu wa BuzzerBeater ni wiki 14. Kumkuza mtu kutoka miaka 18 hadi 24 ni siku 168 kwenye Top Eleven, siku 588 kwenye BuzzerBeater, na siku 672 kwenye Hattrick. Umri ule ule, subira tofauti kabisa. Ukisoma ushauri wa mtu wa Top Eleven ukaupeleka Hattrick, utasubiri mpaka unyoe mvi.

Hesabu ya wiki

Turudi kwa wale wawili wa Barabara ya Nane. Kwenye gemu yetu, mchezaji aliye mazoezini hupanda kama alama 5 kwa msimu akiwa na miaka 18 hadi 20, alama 3 akiwa na 21 hadi 23, na alama 2 akiwa na 24 hadi 26. Baada ya hapo anasimama. Namba hizi zimekatwa kwa shoka na za gemu yako zitakuwa nyingine, lakini sura ya mambo ni hiyo hiyo.

| Misimu iliyopita | Kinda (dari 80) | Wa 22 (dari 68) |
|---|---|---|
| Siku ya drafti | 45 | 58 |
| 1 | 50 | 61 |
| 2 | 55 | 64 |
| 3 | 60 | 66 |
| 4 | 63 | 68 |
| 5 | 66 | 68 |
| 6 | 69 | 68 |
| 9 | 75 | 68 |

Angalia mstari wa msimu wa 6. Kinda anampita mwenzake baada ya misimu sita. Kwa ligi yetu ya miezi miwili miwili, huo ni mwaka mzima wa kununua bando.

Sasa angalia wa mwisho, maana huo ndio ulionifungua macho. Kinda ana dari ya 80, lakini anafika miaka 27 akiwa na 75. Zile alama tano za juu hatazigusa kamwe; wiki za mazoezi zimekwisha. Maana yake ni kwamba kama siku ile angekuwepo dogo mwingine wa miaka 18, kiwango 45, dari 76, wangekuwa mtu mmoja. Wote wangeishia 75. Mimi ningemchagua wa 80 kwa sababu namba inang'aa, na mwenzangu angemchukua wa 76 raundi ya chini akanicheka.

Tena chukua kijana wa miaka 19, kiwango 52, dari 76. Kwa haraka anaonekana duni: mkubwa kwa mwaka, dari fupi. Mpandishe kwa hesabu ile ile: 57, 62, 65, 68, 71, 73, 75, na mwisho anagonga dari yake ya 76. Amempita wa dari 80, na kwa kila umri njiani alikuwa mbele yake kwa alama mbili. Kumbe cha kuuliza ni kiwango alichonacho kwa umri wake, na wiki zilizobaki zinamfikisha wapi. Dari unaiangalia mwishoni, kuhakikisha tu kwamba haimzuii kabla wiki hazijaisha.

Baada ya hapo ndipo ulinganisho una maana.

Kinda: miaka 17 hadi 19, kiwango cha chini, kipaji kikubwa

*Muda.* Mrefu. Usitegemee kitu msimu wa kwanza na wa pili. Wa tatu anaingia kikosini akitokea benchi.

*Uhakika.* Ndio udhaifu wake mkubwa, na si kwenye gemu tu. Januari 2004, kwenye drafti ya ligi ya soka ya Marekani, MLS, timu ya D.C. United ilimchukua Freddy Adu, mzaliwa wa Tema, Ghana, akiwa chaguo la kwanza kabisa. Alikuwa na miaka 14. Wacheza gemu wa zama zile wanamkumbuka vizuri, maana humo ndani naye alikuwa mali. Maisha yakampeleka Ureno, Ufaransa, Ugiriki, Uturuki na kwingineko, klabu baada ya klabu, bila kufika kule alikotabiriwa. Drafti ile ile, chaguo la nane lilikuwa kijana wa miaka 20 aliyetoka chuo kikuu, Clint Dempsey. Huyo alikwenda kucheza Fulham, na alistaafu akiwa na mabao 57 ya timu ya taifa ya wanaume ya Marekani, sawa na Landon Donovan, rekodi ya timu hiyo. Kinda ana njia nyingi za kuharibika: jeraha, mazoezi ya nafasi isiyo yake, utabiri uliokosea. Kila msimu ulio mbele yake ni mlango mmoja zaidi wa bahati mbaya.

Kwa haki, mfano wa upande wa pili upo pia, na nitaufikia.

*Gharama.* Mshahara kidogo, kwa kuwa gemu nyingi hulipa kwa kiwango na si kwa ndoto. Nafasi ya mazoezi, hapo ndipo anapokula. Miaka 18, 19 na 20 ndiyo miaka yake ya alama tano, na ukimkosesha msimu mmoja kati ya hiyo, zile tano hazirudi. Ukimkosesha akiwa na miaka 25, umepoteza mbili tu. Kwa hiyo kinda usimchukue kama huna nafasi ya kumpa leo. Kumweka benchi "akomae" ni kumuozesha.

*Kumuuza.* Hapa ndipo anapong'ara. Dogo huyu akifika miaka 21 ana kiwango 60, bado ana dari ya 80 machoni pa watu, na kila mnunuzi anajiona anaweza kumfikisha. Bei yake inapanda kileleni mapema kuliko kiwango chake. Madalali wanaonunua machungwa Muheza yakiwa bado mabichi mtini wanalijua jambo hili: anayenunua mapema analipia miezi iliyobaki na hatari zake, na kuna wakati hatari hizo zinastahili kubebwa na mwingine. Ukimuuza akiwa na 21 umekula miaka ya alama tano, umemwachia mwenzako miaka ya tatu tatu na mbili mbili.

*Anamfaa nani?* Meneja ambaye timu yake haina cha kupoteza kwa misimu mitatu, anayefungua gemu kila siku inapotakiwa, na ambaye hatakata tamaa akifungwa mechi nane mfululizo. Anamfaa pia mfanyabiashara, yule ambaye ubingwa kwake si kitu, raha yake ni kuona salio linaongezeka.

Aliyekaribia kuiva: miaka 21 hadi 23, kiwango kizuri, kipaji cha wastani

*Muda.* Anacheza leo. Si nyota, ila hafungishi timu. Msimu wa tatu hadi wa tano ndio wake.

*Uhakika.* Mkubwa kuliko wa kinda, kwa sababu safari iliyobaki ni fupi. Hata skauti akikosea, anakosea kwa alama mbili tatu. Tim Duncan alikaa chuo cha Wake Forest miaka yote minne, akaingia drafti ya 1997 ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akiwa na 21, San Antonio Spurs wakamchukua wa kwanza, na 1999 tayari walikuwa mabingwa. Hakukuwa na kubahatisha kwingi. Kila mtu alikuwa ameshaona alichonacho.

Lakini usiamini umri kwa macho. Sisi Watanzania tuna somo letu, na nalisema kwa heshima, maana nilikesha nikisubiri jina lake kama wengine wengi. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA ya 2009 na Memphis Grizzlies. Alikuwa na miaka 22. Kwa karatasi huyo ni mtu aliyekaribia kuiva, sivyo? Ila kikapu alikianza amechelewa, tayari kijana wa kubalehe, na kilichonunuliwa kilikuwa urefu wake wa zaidi ya mita 2.2 na matumaini ya atakachokuwa. Kabla msimu ule wa kwanza haujaisha, alipelekwa ligi ya maendeleo, na wakati huo hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kupelekwa huko. Chaguo la tatu siku ile lilikuwa James Harden, miaka 19. La saba lilikuwa Stephen Curry, miaka 21.

Drafti ya 2004 inasema chukua mkubwa, ya 2009 inasema chukua mdogo. Ukizisoma kwa umri peke yake zinagombana. Zisome kwa kiwango cha siku ile na zinaacha kugombana: Dempsey, Harden na Curry walikuwa tayari wanajua kucheza kwa umri wao. Kwa hiyo kwenye gemu, ukiona mtu wa miaka 22 mwenye kiwango 47 na kipaji 78, usimweke kwenye fungu hili. Huyo ni kinda aliyepoteza miaka yake ya alama tano.

*Gharama.* Mshahara mkubwa tangu siku ya kwanza. Mazoezini hana madai mengi. Ukimnyima msimu mmoja umepoteza alama tatu, utaishi.

*Kumuuza.* Bei haipandi sana, lakini haiporomoki ghafla mpaka akaribie 28. Mbwana Samatta alitua Genk Januari 2016 akiwa ameshatimiza miaka 23, umri ambao wengi kwenye gemu wangempita wakitafuta mdogo zaidi. Alicheza pale miaka minne, Genk ikachukua ubingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018–19, na Januari 2020 akauzwa Aston Villa akiwa na 27. Klabu ilimtumia miaka yake bora, ikapata kombe, ikamuuza kabla hajaanza kushuka. Ukiniuliza namna ya kumtumia mchezaji wa fungu hili, sina mfano mzuri kuliko huo.

*Anamfaa nani?* Meneja wa timu ya katikati ya msimamo anayehitaji mtu mmoja au wawili kuingia mchujo. Mwenye kazi nyingi, anayefungua gemu mara mbili kwa wiki. Na yule ambaye ligi yake ina dalili za kufa. Tunazijua ligi za marafiki, msimu wa nne watu watatu wameacha kupanga kikosi.

Mkongwe: miaka 29 na zaidi

Simpi nafasi ndefu kwa sababu kwenye drafti za kila msimu hayupo. Anaonekana kwenye drafti ya kuanzisha ligi, ambapo wachezaji wote wanamwagwa mezani, kama ile ya Football Manager iliyoingia na toleo la 2016.

*Muda:* sasa hivi, na sasa hivi tu. *Uhakika:* wa kiwango ni kamili, wa mwakani haupo. *Gharama:* mshahara wa juu, mazoezi hahitaji. *Kumuuza:* sahau. *Anamfaa nani?* Anayewania kombe msimu huu. Watu humdharau mkongwe, mimi simdharau. Hapa mjini ubingwa wa Coastal Union wa 1988 bado unasimuliwa kama wa juzi; hakuna anayeuliza waliocheza siku zile walikuwa na umri gani. Kwenye drafti ya kuanzisha ligi, wakati wote wanakimbilia makinda raundi tatu za mwanzo, mkongwe wa kiwango 74 anaweza kukufikia raundi ya tano bure kabisa.

Nilimchukua nani

Nilimchukua kinda. Msimu wa kwanza alipanda vizuri, 50. Wa pili nikaenda Handeni kwa msiba, nikakaa wiki kadhaa, mtandao wa kuokoteza juu ya kichuguu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimeweka mazoezi ya walinzi, na yeye ni mchezaji wa kati. Sikubadilisha. Msimu mzima akiwa na miaka 19 hakupata kitu. Zile tano zilikwenda, na mpaka anafika 27 alikuwa na 70.

Fundi, aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, alimchukua wa 22. Msimu wa tano alikuwa na 68 katikati ya kikosi kilichochukua kombe, sisi wengine tukanunuliwa kahawa na kashata. Baadaye akamuuza. Kwa hiyo nilisubiri mwaka na nusu nikaambulia alama mbili juu ya mchezaji wake.

Siwezi kusema nilichagua vibaya, kwa sababu bila safari ile ningekuwa na 75 na yeye hana wa kumzuia. Nilichokosea ni swali la tano. Nilijua kabisa mwaka ule nyumbani kuna mgonjwa.

Kwa hali yako

Kama timu yako imeburuza mkia na una chaguo la kwanza au la pili, kinda ana mantiki. Huendi popote misimu miwili ijayo hata ukimpata wa 22, na nafasi za mazoezi unazo tele. Chagua kwa kiwango kwa umri, dari iwe ya kutosha tu. Ukiwakuta wawili waliolingana umri na kiwango, dari ndefu iamue.

Kama umemaliza wa nne au wa tano na mchujo uko jirani, chukua wa 22, hasa kama wachezaji wako wakuu wana 26 na 27. Kinda ataiva wao wakiwa wamestaafu, utakuwa na vizazi viwili visivyokutana. Nimeiona timu moja kwenye ligi yetu ina kinda watatu wazuri na wakongwe wanne wazuri, na miaka yote inamaliza ya sita.

Ukiwa na chaguo la mwisho kabisa, mambo yanageuka tena. Wa 22 waliobaki huko chini hawatakuwa wa maana, kiwango chao kinajulikana na ndiyo maana wameachwa. Hapo jaribu dogo mwenye dari kubwa hata kama kiwango ni kibovu. Akikwama umepoteza nafasi moja isiyo na thamani.

Kwenye gemu ambazo msimu ukiisha unaiacha timu ile na kuanza na nyingine, kama Online Soccer Manager, usipoteze muda na nyota za mbeleni. Kinda humo ana kazi moja, kumfundisha apande bei umuuze kabla ligi haijafungwa, fedha ununulie mtu wa leo.

Kama kipaji kwenye gemu yako ni maoni ya skauti, punguza nyota nusu kwa kila asiyefikisha 20, kisha ulinganishe. Hiyo ni kanuni yangu ya mezani, haina sayansi, ila imeniepusha na wengi. NBA yenyewe tangu drafti ya 2006 inataka mchezaji awe anatimiza angalau 19 mwaka huo.

Kama unacheza na watu usiowajua vizuri na huna uhakika ligi itafika msimu wa sita, rudi kwenye jedwali. Mstari wa msimu wa 6 ndipo kinda anapompita mwenzake. Ligi ikivunjika msimu wa tano, umelea mtoto wa watu.

Na kama bado unasita kati ya wawili, tafuta wa tatu. Yule wa 19 au 20 mwenye kiwango cha kushangaza kwa umri wake na dari isiyong'aa huwa anapitwa na pande zote mbili: wanaotaka ndoto wanamwona mfupi, wanaotaka mtu wa leo wanamwona mchanga.

Drafti yetu inayofuata ni Jumamosi baada ya isha. Nachagua wa saba. Karatasi yangu ina majina 12, na manane kati ya hayo yana miaka 19 na 20. Fundi ameomba kuiona, nimemwambia anyooshe kwanza gurudumu langu la nyuma.